Magugu ya Shambani na Magugu ya Relini

(Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya wanachama wa magenge ya njia, katika mkutano wa tawi, Mariakani)



Sisi tuliotumwa kusoma maneno haya ni watu wa genge. Kazi yetu ni kokoto, mataruma na sururu. Tulisoma shule za misheni, tukamaliza darasa la nane, tukashika kazi. Basi mtuvumilie kama maneno hayakupangwa kama ya watu wa maofisini.

Tulipopeleka jina la hotuba hii kwa Bwana Katibu, wako waliouliza: chama cha watu wa reli kina shauri gani na magugu? Jibu letu ni kwamba hakuna watu katika nchi hii wayajuao magugu pande mbili kama sisi. Siku za kazi tunayaondoa njiani kwa mshahara. Siku za likizo tunayaondoa shambani bila mshahara. Na pande zote mbili sasa tunaambiwa neno moja: wekeni jembe chini, vaeni bomba la mgongoni, mpige dawa.

Jambo lenyewe lilianza hivi. Wenzetu kadhaa ambao mashamba yao yako ng'ambo ya mto Sabaki, upande wa Malindi, pamoja na wake zao, walifanya kikundi cha kulima bila dawa ya magugu. Wakaomba kipande kidogo cha ardhi ya watu wote, karibu na njia ya sokoni, wapande mahindi yaliyofunikwa chini kwa kunde na mucuna, kila apitaye aone. Hawakuomba fedha. Waliandika barua kwa adabu, wakaipitisha kwa mzee wa mtaa. Majibu yakaja katika baraza, mbele ya watu: ombi limekataliwa. Bwana shamba wa hapo akasema kwamba mafundisho yake ni dawa na mbolea ya mfuko, na kwamba hawezi kuwa na shamba la mfano linalopinga mfano wake. Akaongeza kwamba watakaofuata kilimo hicho wasije wakalalamika majina yao yasipoonekana katika orodha ya mbegu za msaada. Hilo la mwisho ndilo lililotuleta hapa. Kukataa ombi ni haki ya ofisi. Lakini kumtisha mama mwenye watoto kwa mbegu za msaada, hilo si shauri la kilimo tena.

Hatutataja jina la ofisi wala la bwana huyo. Kwanza ni mtu tunayemheshimu, maana alipokuja kwetu miaka ya nyuma alitufundisha kupanda kwa mistari, na lile lilikuwa fundisho jema. Pili, hatukuja hapa kugombana na mtu. Tumekuja kusema kwa nini twaona wenzetu walistahili kile kipande cha ardhi.

Kuna neno lililoharibu mambo siku ile, nasi twataka kulieleza. Kijana mmoja wa kikundi alikuwa amesoma habari katika simu yake, na katika kujibu maswali akasema kwamba hiki ni kilimo cha bayodainamiki. Watu hawakujua neno, lakini bwana shamba alilijua, akacheka, akasema ni kilimo cha kuangalia mwezi na kuzika pembe za ng'ombe, na kwamba kikundi kinataka kuwarudisha watu kwa waganga. Baraza zima likacheka pamoja naye. Baada ya kicheko hicho hakuna aliyesikiliza tena habari za kunde.

Basi neno hilo maana yake ni nini? Mwaka 1924 bwana mmoja wa Austria, Rudolf Steiner, alitoa mafunzo kwa wakulima katika kijiji cha Koberwitz, ambacho siku hizi kiko Poland. Wakulima wale walilalamika kwamba tangu mbolea za viwandani zije, udongo wao unachoka na mbegu zinadhoofika. Steiner akawaambia walitazame shamba kama mwili mmoja wenye uhai: ng'ombe, samadi, mimea, udongo na mkulima, kila kimoja kikilisha kingine. Hayo hata babu zetu wangeyakubali. Lakini aliwafundisha pia kufukia samadi ndani ya pembe ya ng'ombe, kufuata mwendo wa mwezi na nyota, na kuhusu magugu, kuchukua mbegu za gugu lenyewe, kuzichoma, na kunyunyiza majivu yake shambani ili gugu lile lipoteze nguvu ya kuzaa.

Sisi tutasema wazi. Majivu ni mbolea, tena nzuri kwa mihogo na ndizi, lakini ndago haiogopi majivu. Mwenye kutaka kunyunyiza anyunyize, hayatamdhuru, lakini asitegemee hayo akaacha kupalilia. Hatuwezi kuja mbele ya chama kuwaambia watu wenye njaa wategemee jambo ambalo sisi wenyewe hatujaliona likifanya kazi.

Hata hivyo kicheko kile hakikuwa cha haki. Watu wa pwani hii wamelima kwa kuhesabu siku tangu zamani. Waswahili walihesabu mwaka kutoka Nairuzi, kumi kwa kumi, miongo kwa miongo, na mabaharia na wakulima wote wawili waliitumia hesabu hiyo kujua upepo na mvua. Wamijikenda wana juma la siku nne, na siku ya nne jembe lilipumzika. Hawakuwa wajinga; walikuwa hawana kalenda ya ukutani. Na huko Misri, mwaka 1977, Daktari Ibrahim Abouleish alianzisha shamba liitwalo SEKEM katika jangwa, kaskazini-mashariki ya Kairo, kwa kilimo hicho hicho cha bayodainamiki. Naye alipata taabu kama ya wenzetu: walisema anaabudu jua, ikambidi awaite masheikh waje waone wenyewe. Jangwa lile leo ni mashamba, na SEKEM ilipoonyesha kwamba pamba yaweza kulimwa bila sumu, Serikali ya Misri yenyewe ilipunguza sana desturi ya kumwaga sumu za pamba kwa ndege. Kwa hiyo mtu anaweza kukataa pembe ya ng'ombe, na bado akakubali kwamba watu hawa walijua kitu juu ya udongo.

Kitu hicho ndicho twataka kukieleza kwa lugha ya kazi yetu, maana hapo ndipo tunapotofautiana na bwana shamba.

Kwa nini reli inaondoa magugu? Kila mtu wa genge anajua. Kokoto zimewekwa chini ya mataruma ili maji ya mvua yapite upesi. Nyasi zikiota katikati, mizizi inashika vumbi na mchanga, vumbi linakuwa udongo, udongo unashika maji, na taruma linakaa katika tope kama mtu aliyelala juu ya godoro bovu. Gari zito likipita, njia inazama. Tena nyasi zikikauka zinashika moto, na mkaguzi haoni kama komeo limelegea. Kwa hiyo njiani tunataka ardhi iliyokufa. Hatutaki kiote kitu hata kimoja, wala kunde wala mwiba. Njia ikiwa nyeupe, kazi imekamilika.

Lakini shamba si njia ya reli. Shambani ukiifanya ardhi kuwa nyeupe hujamaliza kazi, umeanza vita upya. Ardhi ya Kilifi sehemu nyingi ni mchanga. Jua likiipiga iliyo wazi, inaungua. Mvua kubwa ya mwaka ikija mwezi wa nne, inachukua ile samadi kidogo iliyo juu. Na ardhi haikubali kukaa uchi. Ukiondoa kila kitu, cha kwanza kurudi ni kile chenye mbegu nyingi na haraka nyingi, yaani magugu. Kishonanguo hakihitaji mwaliko. Basi swali si namna gani ya kuua kila jani. Swali ni nani atakayeifunika ardhi: gugu, au mmea tuliouchagua wenyewe?

Wazee walilijua jibu kwa njia yao. Walilima kipande miaka michache, na magugu yalipozidi nguvu za watu wa nyumba, wakahamia kipande kingine, wakaacha msitu urudi. Msitu ndio uliokuwa mpaliliaji wao. Kivuli cha miaka mingi kiliua magugu yapendayo jua, na moto wa kufyeka ukachoma mbegu zilizobaki juu. Ardhi ikipungua na watu wakizidi, jambo hilo haliwezekani tena, nasi hatusemi lirudi. Lakini twakumbuka mpango wa Magarini, huko huko upande wa Malindi, mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980. Serikali yetu na Serikali ya Australia zilileta matrekta makubwa, msitu ukang'olewa, Wagiriama wakapimiwa viwanja ili walime mahali pamoja daima. Matrekta hayakuuliza kwa nini wenyeji walikuwa wakihamahama. Mvua haikutosha, magugu yalisimama mahali msitu uliposimama, na mwisho wageni walikwenda zao. Wataalamu wa Australia wenyewe waliandika kitabu mwaka 1991 kueleza jinsi nia njema ilivyoharibika.

Na ikiwa mtu atasema kwamba ofisi haiwezi kukosea juu ya mimea, tutamwonyesha mathenge. Miche ya kwanza inayojulikana katika Kenya ilipandwa hapa hapa pwani, Bamburi, mwaka 1973, katika mashimo yaliyochimbwa mawe ya saruji. Pale haikuleta balaa. Lakini katika miaka ya 1980 ilipelekwa Baringo kwa mpango wa Serikali na wa Umoja wa Mataifa ili kuzuia jangwa, na ikaenea mpaka ikafunga malisho na njia za maji. Imefika hata Tana River, jirani zetu. Watu wa Baringo walikwenda mahakamani Nairobi, wakampeleka mbuzi aliyeharibika meno kwa kula maganda yake, ili jaji aone kwa macho. Mwaka 2008 Serikali ikaitangaza kuwa gugu baya. Wale waliokuwa wakilalamika tangu mwanzo hawakuwa na digrii.

Sasa tueleze kile ambacho wenzetu walitaka kuonyesha.

Mahindi yanaumizwa zaidi na magugu katika majuma ya kwanza, tangu kuota mpaka juma la sita hivi. Baada ya hapo yanajitengenezea kivuli. Kwa hiyo palizi ya kwanza haina badala. Yafaa ifanywe mapema, magugu yakiwa madogo kama kidole, siku ya jua, ili yakauke juu ya ardhi. Bwana shamba na sisi tunakubaliana hapo. Lakini kati ya mistari ya mahindi, badala ya kuacha uwanja mtupu, unapanda kunde zile zitambaazo, siku moja na mahindi au baadaye kidogo. Kunde zinafunika ardhi, majani yake ni mboga, na mizizi yake inaongeza rutuba. Mama zetu wamefanya hivyo daima. Wakaja watu kutuambia kwamba shamba safi ni lenye zao moja. Maboga nayo yafanya kazi hiyo hiyo, na viazi vitamu zaidi.

Mucuna ina nguvu kuliko kunde. Ukiipanda pamoja na mahindi itayapanda na kuyaangusha, kwa hiyo ngoja majuma matatu au manne, mahindi yakishapata magoti. Itatambaa chini, na mahindi yakivunwa yenyewe itaendelea, ifunike shamba lote kama blanketi mpaka kiangazi. Ikifa inaacha takataka nene juu ya ardhi, na msimu ujao unapanda humo humo kwa kutoboa mashimo. Watu wengi wanaiogopa wakisikia kwamba ni ndugu ya upupu. Ni kweli ni ndugu yake, lakini hii ya shambani haina manyoya yawashayo. Mbegu zake lakini zisipikwe hivi hivi kama maharage; zina dawa ndani yake inayomdhuru mtu akila nyingi. Tunasema hili kwa sababu kuna siku za njaa ambapo mtu hupika chochote.

Ndago inahitaji maneno yake. Kila mtu aliyepigana na ndago anajua kwamba jembe linakata mizizi na kuacha vijiazi ardhini, na kila kijiazi kinatoa mche. Unapalilia Jumatatu, Ijumaa imerudi inakuchekea. Lakini ndago ina udhaifu mmoja: haipendi kivuli. Chini ya mucuna iliyofunga vizuri au viazi vitamu vilivyofunga, inadhoofika msimu kwa msimu. Haifi yote, hatutaki kuwadanganya.

Mambo haya si ya waganga. Kituo cha utafiti cha Mtwapa, ambacho kiko katika kaunti yetu hii ya Kilifi, kilijaribu mucuna, fiwi, kanavalia na mimea mingine ya namna hiyo pamoja na mahindi ya wakulima wa pwani tangu miaka ya 1990. Na huko Mbita, kwenye Ziwa Viktoria, wataalamu wa icipe chini ya Profesa Zeyaur Khan waligundua kwamba mmea uitwao desmodiamu ukipandwa kati ya mistari unazuia kiduha, lile gugu la maua linalonyonya mahindi chini kwa chini. Mizizi ya desmodiamu inatoa kitu kinachoziamsha mbegu za kiduha, kisha kinazizuia zisipate mizizi ya kunyonya, zikafa. Kiduha kimoja hutoa mbegu elfu nyingi mno, nazo hukaa ardhini miaka zaidi ya kumi, kwa hiyo hilo si jambo dogo. Basi twashangaa. Serikali hiyo hiyo inawalipa watu wa Mtwapa kutafuta maarifa haya, na inamlipa mtu mwingine kuyacheka barazani, na hakuna hata mwendo wa saa mbili kati yao.

Tuje kwenye chupa. Katika maduka ya kwetu dawa ya magugu huuzwa hata kwa kumiminiwa katika chupa ya soda, bila karatasi ya maelezo. Mtoto hawezi kujua. Dawa iitwayo paraquat, ambayo Ulaya iliikataza mwaka 2007, ikinywewa hata kidogo haina dawa ya kuiponya. Mapafu yanakufa polepole na mtu anajua. Nyingine, glyphosate, ndiyo inayojulikana zaidi. Wakubwa wenyewe hawakubaliani juu yake. Mwezi Machi 2015 shirika la kuchunguza saratani la Umoja wa Mataifa, lililoko Lyon, lilisema huenda inasababisha saratani kwa wanadamu. Ofisi za Marekani na za Ulaya zikasema hatari hiyo haijaonekana, na mwezi Novemba 2023 Ulaya iliiruhusu kwa miaka 10 mingine. Lakini mwaka 2018 baraza la wazee wa mahakama katika California lilimpa ushindi Dewayne Johnson, mfanyakazi wa kutunza viwanja vya shule, aliyepata saratani baada ya kubeba bomba. Walimwandikia dola milioni 289, zikapunguzwa mpaka milioni 20 na nusu mwaka 2020. Sisi hatuangalii fedha hizo. Tunaangalia kwamba alikuwa mtu wa mshahara kama sisi, na kwamba bomba lilivuja mgongoni mwake.

Maana nasi tumevujiwa. Wako wenzetu waliopewa kazi ya kunyunyiza njia na mkandarasi mmoja, wakapewa bomba bila glavu, bila miwani, bila kuambiwa jina la kilichomo. Walinyunyiza upepo wa kusi ukiwapiga usoni, wakala chakula cha mchana kwa mikono ile ile. Walipouliza, wakaambiwa kwamba asiyetaka kazi wapo wengine nje ya lango. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inasema mwenye kazi sharti ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga na kumweleza hatari ya kazi yake. Hiyo si fadhila. Na asije mtu kutuambia kwamba reli haiwezi kwenda bila sumu hiyo: reli ya Ujerumani, Deutsche Bahn, iliyokuwa mtumiaji mkubwa kuliko wote wa glyphosate katika nchi ile, iliiacha kabisa mwaka 2023, na magari yanapita. Zamani zaidi reli za Marekani na za Australia zilimwaga arseniki kuua majani, na mpaka leo kuna mahali ambapo udongo wa kando ya njia una sumu hiyo. Waliomwaga wamekwisha kufa, sumu haijafa.

Hata hivyo, ndugu wanachama, liko neno moja la bwana shamba ambalo hatuwezi kuliruka. Katika baraza lile alisema hivi: ninyi mnaosifu jembe hamlishiki. Mko Mariakani, mko Voi, mko Nairobi. Wanaoinama ni wake zenu. Chupa moja inamwokoa mama siku nyingi za kuinama, nanyi mnataka kumnyang'anya. Baadhi yetu tulitazama chini. Akina mama waliokuwapo hawakutazama chini, walitutazama sisi.

Ni neno la kweli. Kila asifuye kilimo bila kuhesabu mgongo wa anayelima anacheza. Tuliwauliza akina mama wenyewe wa kikundi, na majibu yao hayakuwa sawa. Mmoja alisema kwamba tangu aweke mucuna anapalilia mara moja badala ya tatu, na mara hiyo moja si ndefu. Mwingine alisema mucuna ni nzuri lakini imemletea nyoka karibu na nyumba, na mbuzi wa jirani wanaimaliza kiangazi kabla haijaoza. Wa tatu, tena mke wa mwanachama wa genge letu, alisema kwa sauti kwamba akipata fedha atanunua dawa tu, mpaka mumewe atakapokuja nyumbani mwezi wa tano badala ya mwezi wa kumi na mbili kula pilau. Watu walicheka, lakini neno hilo ndilo lenye kazi kwa chama.

Angalieni orodha ya likizo. Sisi watu wa pwani tunapewa likizo kwa mpangilio wa ofisi, na wengi hujikuta nyumbani wakati shamba halina kazi. Mvua ya mwaka inaanza mwishoni mwa mwezi wa tatu au wa nne. Palizi ya kwanza inaangukia mwezi wa nne na wa tano. Mfanyakazi akiwa nyumbani siku 10 tu katika majuma hayo, akashika jembe yeye mwenyewe, chupa inakosa sababu yake. Hatuombi siku zaidi. Twaomba zile zile, zigawanywe, nusu yake zipatikane wakati wa palizi kwa anayetaka, na magenge yapokezane ili njia isikose watu. Ndugu zetu wa bara wana misimu yao, nao wadai yao. Jambo hili lipelekwe katika mazungumzo ya mkataba yajayo, liandikwe, wala lisiachwe kwa hisani ya mnyapara.

Pamoja na hilo twaomba tawi likubali mambo haya. Katibu aandike barua kwa mkandarasi yule, na nakala kwa ofisi ya kazi, kudai vifaa vya kujikinga na jina la kila dawa inayonyunyizwa njiani. Chama kiandike pia kwa ofisi ya kilimo ya kaunti, kwa adabu, kuuliza kama ni kweli jina la mkulima laweza kuondolewa katika orodha ya mbegu kwa sababu hakununua dawa. Tunaamini jibu litakuwa kwamba si kweli. Nasi tutalisoma jibu hilo katika baraza lile lile. Kisha tumwalike bwana shamba, na mtu mmoja wa Mtwapa, waje pamoja katika shamba la mwanachama mmoja ambaye amekubali, maana ardhi ya mtu binafsi haihitaji ruhusa ya baraza. Mistari 20 itapandwa kwa mafundisho ya bwana shamba, na 20 kwa mafundisho ya kikundi. Yeye mwenyewe achague upande wenye udongo mzuri. Siku za kuinama ziandikwe katika daftari pande zote mbili, na mwandikaji awe mwanamke, si mmoja wetu. Mavuno yapimwe kwa debe mbele ya watu. Kama mistari yake itashinda kwa magunia na kwa migongo, tutasema hivyo katika gazeti hili.

Na neno la bayodainamiki tumekubaliana na yule kijana aliweke kando kwa sasa. Amekasirika kidogo, lakini amekubali. Kikundi kitaitwa cha kufunika ardhi.

Mbegu za mucuna zipo, si nyingi. Ziko kwa mweka hazina wa tawi, katika debe lenye mfuniko, na karatasi imebandikwa juu kuwa si chakula. Mwanachama atakayetaka aje na mfuko wake kabla ya mwisho wa mwezi wa tatu. Atapewa kibaba kimoja, jina lake litaandikwa, na baada ya mavuno atarudisha viwili. Kunde kila mtu anazo kwao.